Tyson wa 1988 na Tyson Fury: nasema haifiki raundi ya 5, mje mnipinge

#1 Kayabo_wa_Igogo
Wakuu habari zenu. Vijiweni huku Mwanza wamezuka vijana wanasema bingwa yeyote wa zamani wa uzito wa juu akiwekwa na hawa wa sasa hamalizi raundi tatu, eti sa hivi watu ni wakubwa, wana sayansi, wana lishe. Mi nakataa. Mchukue Mike Tyson yule wa Juni 1988, usiku aliomlaza Michael Spinks kwa dakika moja, mweke na Tyson Fury na futi zake 6 na inchi 9. Fury haioni raundi ya 5. Huyu alishakalishwa chini na Steve Cunningham 2013 pale New York, na Cunningham ni mtu katokea uzito wa chini, alipanda na kilo 95 tu, sasa pigia hesabu apakati ya Tyson, ile ngumi ya kutoka chini kwenda kidevuni. Mje na hoja, matusi bakini nayo. Nawasilisha.

#2 Nyegezi_Kona
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Dada_wa_Bwiru
Sekunde 91 mkuu, sio dakika moja. Halafu huyo Cunningham alilazwa na Fury huyohuyo raundi ya 7, usiku uleule, mbona hapo umeparuka?

Tyson shida yake ilikuwa watu warefu wanaojua kukumbatia. 1986 Mitch Green kamaliza naye raundi 10. Machi 1987 Bonecrusher Smith alimng'ang'ania raundi zote 12, lile pambano hata ukiwa na tatizo la kukosa usingizi unalala. Agosti mwaka huohuo Tony Tucker, futi 6 na inchi 5, kamaliza naye 12. Na hao hakuna hata mmoja alikuwa na mwili wa Fury. Februari 2020 Fury alipomrudia Deontay Wilder alipanda na kilo 124, kazi yake ilikuwa kumlalia shingoni, Wilder miguu ikaisha. Tyson wa futi 5 na inchi 10 alaliwe hivyo raundi sita halafu aruke na apakati? Miguu ipi?

#4 Kayabo_wa_Igogo
Dakika moja na ushee dada, ushee unaujua? Tyrell Biggs naye alikuwa futi 6 na inchi 5, muulize raundi ya 7 alikuwa wapi.

#5 Sato_Foili
Mi namleta bondia wetu Mandonga na ile ngumi yake ya Sugunyo, wote wawili wanalala. Fungeni uzi.

#6 Mzee_wa_Nansio
Wajukuu hamjambo. Hili la urefu mnalishangaa kwa sababu mnaanza kuhesabu historia siku mlionunua simu. Majitu yalikuwepo toka zamani. Jess Willard, huyo aliyemvua mkanda Jack Johnson kule Havana 1915 raundi ya 26, alikuwa na futi 6 na nusu na ushee, kilo mia na kumi hivi. Tarehe 4 Julai 1919 mjini Toledo akakutana na Jack Dempsey, mtu wa kilo 85. Alianguka mara saba raundi ya kwanza peke yake. Saba! Primo Carnera naye jitu la Italia, kilo zaidi ya 115, 1934 Max Baer alimwangusha mara kumi na moja, mwaka uliofuata Joe Louis akammalizia raundi ya 6. Urefu ni faida kwa anayejua kuutumia, asiyejua ni mti tu, unakatwa.

#7 Kamanga_Chelewa
Shikamoo mzee. Ila Willard siku ile alikuwa na miaka 37 na toka 1916 alikuwa hajatetea mkanda. Na sheria za wakati ule zilimruhusu Dempsey amsimamie pale pale, jamaa akiinua goti tu anapigwa tena. Leo refa anakupeleka kona ya mbali. Na Carnera tusiongee, mapambano yake mengi yalikuwa na mikono ya wahuni. Hao wawili sio kipimo cha Fury, Fury anacheza ngumi toka mtoto.

#8 Mzee_wa_Nansio
Marahaba. Basi nitajie wewe jitu lenye kipimo.

#9 Kamanga_Chelewa
Lennox Lewis. Wladimir Klitschko. Hao ndio walifundisha dunia kwamba mrefu akidonoa na mkono wa mbele, akiona mtu kaingia anamkumbatia, anamlalia, anarudi nyuma anaanza upya, mfupi hana pa kupita. Wladimir alikaa na mkanda 2006 mpaka 2015 kwa mtindo huo mmoja. Tyson na Lewis walikutana Memphis 2002, tuliona, Lewis akamlaza raundi ya 8.

#10 Kayabo_wa_Igogo
Tyson wa 2002!!! Yule alikuwa ameshachoka na maisha. Mada inasema 1988, kocha wake Kevin Rooney bado yuko kona, mafundisho ya mzee Cus D'Amato bado yako kichwani. Rooney alipofukuzwa tu mwaka uleule kila kitu kikaanza kuporomoka, miezi haikupita mingi Buster Douglas akamlaza Tokyo, Februari 1990.

#11 Dada_wa_Bwiru
Na Douglas alikuwa mrefu. Nasema tu.

#12 Mwana_Igoma
Mnahangaika na Tyson wakati Ali yupo. Ali wa 1966, kabla hawajamfungia kwa kukataa jeshi, anawapiga wote mliowataja hapo juu, na anawapiga huku anawaimbia mashairi. Aliangushwa mara moja tu maishani, na Frazier, basi.

#13 Dada_wa_Bwiru
Mara nne ndugu yangu wa Igoma. Sonny Banks 1962, Henry Cooper 1963 London, Joe Frazier 1971 raundi ya 15, Chuck Wepner 1975. Hiyo ya Wepner Ali mwenyewe alilalamika kakanyagwa mguu lakini refa alihesabu. Na angalia vizuri, Cooper na Frazier walimpata kwa ngumi ileile, kushoto ya pembeni, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa unakaa chini kwa nyodo. Ukisema Ali na Tyson, swali ni hilo tu: kushoto ya Tyson na mkono wa kulia wa Ali ulioning'inia. Maneno mengine ni taarabu.

#14 Mwana_Igoma
Banks na Wepner ni ajali, sihesabu.

#15 Sato_Foili
Huyu dada ni nani jamani, anafanya kazi maktaba? Mwenye kumjua atusaidie, posa ziandaliwe.

#16 Dada_wa_Bwiru
Anza na foili zako kwanza.

#17 Glovu_Kuukuu
Niseme kidogo maana mi nimecheza, ridhaa tu, mazoezi tulikuwa tunafanyia Mabatini kwenye kijumba cha bati, glovu mbili za kulia moja ya kushoto, tunapokezana. Kuna jamaa mmoja alikuwa mbeba mizigo bandari ya kusini, kanizidi kama kilo 20, ngumi zake hazikuniumiza hata kidogo, zilikuwa za polepole nazikwepa zote. Kilichoniua ni kuegemewa. Kila nikiingia ndani anaweka mkono nyuma ya shingo analeta uzito wote, mapaja yanaanza kutetemeka, raundi ya tatu nilikuwa naona ulingo kama unapanda mlima. Kwa hiyo anachosema dada wa Bwiru kwenye namba 3 ni kweli, watu wanaoangalia kwenye TV hawaioni hiyo kazi, wanaangalia ngumi.

Ila na mimi nina langu. Refa. Refa wa miaka ya 80 angemruhusu Fury akumbatie kiasi gani? Smith alinyang'anywa pointi na Tyson bado alilalamika. Ukibadilisha refa umebadilisha mshindi, kwa hiyo mngeanza kwanza kukubaliana pambano linachezwa kwa sheria za mwaka gani ndio tubishane.

#18 Nyegezi_Kona
Hapa sasa uzi umeanza.

#19 Mzee_wa_Nansio
Kijana wa Mabatini umenikumbusha Kinshasa, Ali na George Foreman, maana pale aliyechoshwa alikuwa mzito. Oktoba 30, 1974. Kule walipigana saa kumi usiku ili Wamarekani waone jioni kwao, kwetu hapa Ukerewe ilikuwa saa kumi na mbili jua linatoka. Baba alikuwa na redio ya betri, habari ilipofika kwamba Ali kashinda wazee hawakuamini, wakasema redio imekosea. Na walikuwa na haki, maana Foreman huyo alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili kule Jamaica 1973, Ken Norton naye raundi mbili, na hao wawili wote walishampiga Ali. Kwa hesabu za vijiweni Ali alitakiwa afe. Alichofanya ni kile mvuvi anachomfanyia sangara mkubwa kwenye ndoano, humvuti, unamwachia kamba ahangaike nayo mpaka achoke mwenyewe. Raundi ya 8 Foreman kashalegea, akavutwa. Kwa hiyo usiniambie A kampiga B na B kampiga C basi A anampiga C.

#20 Kishiri_Boy
Babu yangu alimuona Ali hapahapa Mwanza, Makoroboi, akala naye ugali.

#21 Kamanga_Chelewa
Babu yako tumpe heshima yake ila Ali alikuja Tanzania Februari 1980, Dar, ametumwa na Rais Carter kuja kushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Nyerere alikataa hata kuonana naye, alikasirika Marekani kutuma mwanamasumbwi kuja kuongea siasa. Baada ya hapo akaenda Kenya na nchi nyingine. Makoroboi hayumo kwenye ratiba.

#22 Kishiri_Boy
Babu hadanganyi. Labda alikuja kimyakimya.

#23 Sato_Foili
Kimyakimya Muhammad Ali?? Hahaaa hata akipiga chafya dunia ilikuwa inajua.

#24 Mwana_Igoma
Tukiwa kwenye hizo za kwetu, mnajua pambano kubwa la kufikirika la uzito wa juu ukanda huu wa ziwa? Idi Amin. Alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi toka 1951 mpaka 1960, na wakati wa vita akatangaza eti yeye na Nyerere wamalize ulingoni, refa awe Muhammad Ali. Jitu la futi 6 na inchi 4 linamwita Mwalimu ulingoni.

#25 Glovu_Kuukuu
Mwalimu alimjibu na raundi ya Masaka na ya Kampala. Turudi kwenye mada kabla hatujahamishiwa jukwaa la siasa.

#26 Kamanga_Chelewa
Mada yenyewe ni ya zamani kuliko sisi wote humu. 1967 Wamarekani waliingiza takwimu za mabingwa kwenye kompyuta wakatengeneza mashindano ya redioni, Ali akatolewa na Jim Jeffries, mtu aliyestaafu kabla ya vita vya kwanza vya dunia, Ali akaenda kuwashitaki mahakamani. Wakamalizana kwa kumuingiza studio na Rocky Marciano, 1969, wakapigana kwa kuigiza raundi nyingi, kila aina ya mwisho ikarekodiwa, Marciano kavaa nywele za bandia na kakata kitambi. Hakuna kati yao aliyeambiwa nani atashinda. Marciano akafa kwa ajali ya ndege Agosti 31, 1969. Januari 1970 Wamarekani wakaonyeshwa Marciano kashinda kwa KO raundi ya 13. Waingereza wakaonyeshwa Ali kashinda kwa kumchana. Kompyuta moja, washindi wawili, kutegemea nani kanunua tiketi.

#27 Dada_wa_Bwiru
Hii safi, asante. Ila hatuhitaji kompyuta, kuna watu wamevuka enzi kwa miguu yao. Archie Moore alipigana na Marciano 1955 na akapigana na Ali 1962. Marciano alimaliza kazi raundi ya 9, na yeye mwenyewe aliangushwa raundi ya 2. Ali alimaliza ya 4. George Foreman wa Kinshasa huyohuyo, 1991 ana miaka 42 anamaliza raundi 12 na Evander Holyfield aliyekuwa bingwa, halafu Novemba 1994 ana miaka 45 anamlaza Michael Moorer raundi ya 10 anachukua mkanda. Moorer alikuwa katoka kumpiga Holyfield mwaka huohuo! Larry Holmes 1992 ana miaka 42 kamaliza 12 na Holyfield. Hao ni watu wa miaka ya 70 wakiwa wazee, wanasumbua mabingwa wa miaka ya 90 wakiwa vijana. Kwa hiyo hiyo "watu wameendelea" mnaipima na nini?

#28 Kayabo_wa_Igogo
DADA KAHAMIA UPANDE WANGU. Wabeja sana.

#29 Dada_wa_Bwiru
Sijahama. Nasema zamani walikuwa wazuri, sijasema Tyson anampiga Fury.

#30 Kamanga_Chelewa
Moorer alikuwa anaongoza kwa majaji wote mpaka ile ngumi. Ngumi moja ya mzee haithibitishi enzi nzima. Na Moore alipokutana na Ali alikuwa babu wa miaka zaidi ya arobaini, hapo umepima uzee, hujapima enzi.

#31 Glovu_Kuukuu
Na mnasahau raundi 15 za zamani. Marciano Septemba 1952 alikuwa nyuma kwa pointi kwa majaji wote watatu, akamlaza bingwa Walcott raundi ya 13. Kwa raundi 12 za leo hakuna bingwa Marciano usiku ule, hakuna 49 bila kupoteza. Joe Louis 1941 Billy Conn alikuwa anamzidi, Louis akamlaza ya 13. Holmes na Norton 1978 mkanda uliamuliwa raundi ya 15. Walianza kuzipunguza baada ya yule Mkorea Duk Koo Kim kufa 1982. Mwili uliofundishwa kwa 15 sio mwili uliofundishwa kwa 12, pumzi zinagawanywa tofauti, hata kilo unazobeba ni tofauti. Fury na kilo 124 raundi ya 14? Dempsey au Louis na kilo 90 mtu anaenda tu kama baiskeli mpya. Wekeni 15, nampa Louis. Wekeni 12, nampa Klitschko. Na sioni aibu.

#32 Pasiansi_Mstaafu
Mi naona mnapita pembeni ya sababu yenyewe. Wamarekani wakubwa wenye vipaji sa hivi wanaenda kikapu na ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu, huko pesa ni ya uhakika na pua inabaki nzima. Uzito wa juu umebaki na waliokosa huko. Ndio maana Francis Ngannou, mtu wa ngumi za mchanganyiko, Oktoba 2023 anapanda ulingoni mara ya kwanza anamwangusha Fury raundi ya 3. Jiulize mtu wa namna hiyo angemwangusha Ali?

#33 Kamanga_Chelewa
Upande wa pili ukoje? Zamani Wasovieti na Wakyuba walifungiwa milango. Mkyuba Teófilo Stevenson ana dhahabu tatu za Olimpiki, 1972, 1976, 1980, na hakupigana hata pambano moja la kulipwa. Kwa hiyo "bingwa wa dunia" wa miaka ya 70 alikuwa bingwa wa nusu ya dunia. Milango ilipofunguka wakaja akina Klitschko, leo Usyk. Kwa hiyo wamepungua Wamarekani wakaongezeka Waukraine, hesabu inarudi palepale.

#34 Kayabo_wa_Igogo
Umemtaja mwenyewe Usyk!! Futi 6 na inchi 3, urefu wa Ali kabisa, katokea uzito wa chini, kampiga Fury Mei 2024, Fury akarudi Desemba na kilo 127 akapigwa tena. Hoja ya ukubwa imekufa, tuizike Kirumba leo saa kumi, kila mtu aje na mchango.

#35 Dada_wa_Bwiru
Kampiga kwa miguu na mkono wa kushoto, kwa pointi, raundi 24 jumla. Hakumpiga kwa kuingia ndani kama Tyson. Ukisema Usyk kampiga Fury kwa hiyo Tyson anampiga Fury, unarudi kwenye ile hesabu ya A na B aliyoikataza mzee namba 19.

#36 Mzee_wa_Nansio
Naona kuna anayesoma vizuri humu.

#37 Sato_Foili
Mzee usituharibie posa.

#38 Pasiansi_Mstaafu
Basi nileteeni hii ndogo, haina majitu. Usyk na Holyfield wa 1990. Wote walikuwa mabingwa wa uzito wa chini wakapanda, wote urefu karibu sawa, wote pumzi hazikati. Nani anashinda?

#39 Mwana_Igoma
Holyfield. Alimsimamisha Tyson 1996 raundi ya 11, na mwaka uliofuata akang'atwa sikio bado akawa anataka kuendelea.

#40 Dada_wa_Bwiru
Usyk. Holyfield alikuwa anapenda ugomvi, ukimchokoza tu anaacha mpango wake anasimama kurushiana. Usyk hachokozeki, na anapiga kushoto. Moorer naye alikuwa wa kushoto, na mmeona hapo juu alimfanya nini Holyfield 1994.

#41 Mwana_Igoma
Moorer alishinda kwa kubebwa na majaji wawili tu, wa tatu alitoa sare, na Holyfield alikuwa mgonjwa usiku ule. Sihesabu.

#42 Dada_wa_Bwiru
Wewe kuna unachohesabu?

#43 Glovu_Kuukuu
Kabla hamjaendelea: raundi 12 au 15, na refa wa mwaka gani?